Piano: kidole kwanza, mguu baadaye
Mipangilio ya piano ya muziki wa ala wa siku hizi huegemea mkono wa kushoto unaozungusha noti chache, tuseme La–Mi–Do, kisha Fa–Do–La, pedali ya kulia, ile inayoendeleza sauti, ikiwa chini. Sauti zikivurugana, kosa mara nyingi liko mguuni. Mguu ukichelewa kuinuka, Fa inabaki ikinguruma ndani ya Sol inayofuata. Piga besi mpya, yaani noti ya chini kabisa, na papo hapo inua mguu. Kidole kikiwa bado kimeshikilia besi, kanyaga tena. Ukiachia kidole kabla ya kukanyaga, besi inakatika na noti za juu zinaelea bila msingi. Zoeza besi peke yake kwanza, mapigo 50 kwa dakika, ndipo uongeze noti nyingine.

Kutoka La hadi Do ya juu ni noti kumi, mbali kwa viganja vingi. Usitanue mkono kwa nguvu, utaumia. Kidole cha 5 (kidogo) kipige La, cha 2 (cha shahada) kiwe mhimili kwenye Mi, kifundo cha mkono kigeuke, gumba lifike Do. La inashikwa na pedali. Gumba lenyewe liguse kwa upole sana: ni zito kwa maumbile, na pale juu ndipo linapofunika melodi.