Mkanda wa taimingi: spana kwanza, stata baadaye

Ukishavalisha mkanda mpya wa taimingi (unaounganisha krenki, kamshafti na pampu ya dizeli zizunguke pamoja) kwenye Hiace ya dizeli (injini 2L au 3L), usikimbilie kupiga stata. Acha bolti za tensheni (roli inayokaza mkanda) zimelegea, springi ivute yenyewe, kisha zungusha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kwa spana mizunguko 2 kamili, kufuata mshale wa saa. Alama za krenki, kamshafti (shafti inayofungua valvu) na pampu ya dizeli zirudi palepale. Zikipishana hata jino 1, vua urudie, zikikaa, kaza bolti. Krenki ikigoma njiani usilazimishe, valvu imegota kwenye pistoni.

Kabla ya kufunika, pitisha kidole chini ya sili za mbele (zinazozuia oili isivuje). Kikitoka na oili, rudi sokoni Mwanjelwa, Mbeya, ukanunue sili, maana oili hula mpira wa mkanda. Mkanda ukikatikia mlima Iwambi, pistoni zitagonga valvu, nawe utafungua silinda hedi.