Somo: Jotoardhi bila umeme, kutoka kisimani hadi bwawani

Jotoardhi ni joto linalotoka chini ya ardhi. Ukitaja Olkaria, eneo la visima vya jotoardhi nchini Kenya, watu huwaza umeme tu. Ila pale pale Naivasha, shamba la maua la Oserian lilianza kupasha moto vitalu nyumba vya waridi kwa joto la kisima mwanzoni mwa miaka ya 2000, na KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, wana bwawa la kuogelea tangu 2013.

1. Pima maji kabla hujanunua hata bomba moja: joto, wingi, na kilichomo ndani. Silika, madini yaliyoyeyuka majini, ndiyo adui. Maji yakipoa inaganda bombani, tabaka jeupe gumu kama kauri, mpaka tundu linabaki la kupitisha kidole.

2. Maji ya kisima yasiingie kitaluni. Weka kibadilisha joto: mabamba membamba ya chuma, huku maji ya kisima, kule maji safi, yanapashana joto bila kugusana. Maji safi ndiyo yanayozunguka kitaluni. Faida kubwa huonekana usiku wa manane hadi alfajiri, umande unapotaka kutua kwenye majani. Hewa ikiwa na joto hukauka, ukungu unakosa pa kushika, na dawa unanyunyiza kidogo.

3. Yatumie maji kwa zamu, penye kuhitaji moto mkali kwanza. Kule Menengai, Kenya, GDC, kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi, wamejaribu kuua vijidudu vya maziwa, kufua nguo, kitalu na samaki. Maziwa huhitaji nyuzi 72 kwa sekunde 15. Perege wanaridhika na 28 hivi. Kuyamwaga yakiwa bado moto ni hasara tupu.

4. Bwawa la kuogea liwe mwisho. Yapozwe kwenye madimbwi ya wazi hadi nyuzi 36–40.

MASWALI

Mwalimu, harufu ile ya mayai viza ina madhara?
Ni gesi ya salfa. Kwenye uwazi kwa kawaida ni kero tu. Chumba kilichofungwa ni hatari kweli, inaua. Na vua mkufu wa fedha, utageuka mweusi.

Mama ana presha, aingie?
Amuulize daktari wake kwanza, dada. Akiruhusiwa, dakika 10 zinamtosha, na asiwe peke yake.

Huku kwetu Mbeya chemchemi inaunguza mkono. Nichimbe kisima?
Usianze na kuchimba, kaka. Maji yanayotoka yenyewe yanaweza kutosha kitalu kimoja. Chota chupa, peleka maabara, wakupimie silika na floridi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa.

Tunaweza kuyanywa yakipoa?
Hapana. Floridi haiondoki kwa kupoza wala kuchemsha.