Somo: Kuchagua zama za riwaya ya pamoja (na kwa nini mimi napigia debe 1872)

Asalaam aleykum. Maadamu tumeshakubaliana kuandika riwaya moja kwa mikono mingi, kila mmoja na sura zake, ugomvi uliobaki ni wa zama. Nimeyasoma mapendekezo yenu. Karibu kila mtu ametaja siku kubwa: mizinga ya 1896, uhuru wa Disemba 1963, Mapinduzi ya Januari 1964. Sishangai, maana hizo ndizo tulizofundishwa skuli. Lakini siku kubwa ni mtego kwa waandishi wengi wanaoandika pamoja, na hapa nitaeleza kwa nini, kisha tutafuata hatua moja moja.

Hatua ya 1: Tafuteni kipindi, siku mtaikuta humo humo

Chukueni 1896. Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Zanzibar, anafariki tarehe 25 Agosti. Khalid bin Barghash anaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza, nao wanampa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa tatu inapita, mizinga inalia. Baada ya dakika 38 hivi, kwa hesabu inayotajwa sana, mambo yamekwisha: Khalid amekimbilia ubalozi wa Ujerumani na meli ya Sultani iitwayo Glasgow inazama bandarini. Barazani kisa hiki hakichoshi. Lakini wagawieni waandishi saba dakika hizo 38, muone. Wote watakuwa wamejibanza chini ya dirisha wakisikiliza mizinga. Sura ya pili itarudia ya kwanza, na ya tatu itabadilisha rangi ya kanzu tu.

Kipindi kinachobeba waandishi wengi kinataka mwanzo unaomgusa kila mtu kwa mara moja, tajiri na maskini, na mwisho ambao msomaji anaujua lakini wahusika hawana habari nao. Katikati pawe na miezi ya kutosha watu kuoana, kudaiana, kufilisika na kuhama.

Langu ni hili: kutoka 15 Aprili 1872 hadi 5 Juni 1873. Siku ya kwanza ni kimbunga. Kilipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi, kikabomoa nyumba na kuvunja vyombo bandarini, zikiwemo meli za Sayyid Barghash, ambaye hata miaka miwili kwenye kiti alikuwa hajatimiza. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Fikirini maana yake: mkarafuu mpya unataka miaka sita au saba kabla ya kuanza kuzaa. Mwenye shamba la Unguja aliyelala tajiri ameamka na deni kwa Banyani na magogo yaliyolala chini, na mwenye vichaka vyake Pemba, ambaye mjini walikuwa wakimcheka, sasa ndiye mtu wa kutafutwa.

Januari 1873 anafika Bartle Frere kutoka Uingereza na mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Sayyid anakataa. Miezi inapita, balozi John Kirk anamwambia kuwa manowari zitafunga bahari, na tarehe 5 Juni anatia saini. Usafirishaji wa watumwa kwa bahari unapigwa marufuku na soko la Mkunazini linafungwa. Utumwa wenyewe ulibaki halali hadi 1897, na hapa pana utamu mchungu kwa mwandishi: soko limefungwa, lakini mtu aliyenunuliwa humo mwezi uliopita bado ni mali ya mtu.

Hatua ya 2: Hesabuni milango

Kabla ya kupiga kura, kila mwandishi aandike mhusika mmoja na jibu la maswali mawili: anakula kwa kazi gani, na kazi hiyo inamkutanisha na mhusika wa nani mwengine? Zama ambazo waandishi watatu hawawezi kujibu, ziacheni, hata kama ni tamu.

Kwa 1872 milango ni mingi. Yuko nahodha wa jahazi kutoka Sur, bandari ya Omani. Yuko karani wa forodha, ambayo ilikuwa imekodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Yuko mke wa mwenye shamba anayeuza vipuli vyake kimya kimya, na mvuvi wa Tumbatu anayeokota mbao za vyombo vilivyovunjika. Aliye bora kuliko wote kwa kazi yetu ni kibarua. Zama zile kibarua wa mjini mara nyingi alikuwa mtumwa aliyetolewa na bwana wake akafanye kazi kwa ujira wa siku. Jioni anampelekea bwana sehemu yake, inayobaki ni yake. Mtu huyu anaingia forodhani, ghalani, ua wa nyuma wa nyumba ya tajiri, kisha usiku anavuka kwenda kulala Ng'ambo. Hakuna mhusika mwengine anayepita milango yote hiyo kwa siku moja bila kuulizwa umefuata nini. Nani anamtaka? Aseme mapema, maana nimeshaanza kumtamani mwenyewe.

Hatua ya 3: Pangeni matukio kwa pepo na mfungo

Mkitumia kalenda ya ukutani peke yake mtapotea. Aprili ni Masika, kaskazi imekwisha na kusi inaingia, ndio wakati vyombo vya Arabuni na Uhindini vinapojitayarisha kurudi kwao. Kimbunga kilipiga wakati huo. Basi mhusika wenu Mwarabu aliyekuja na kaskazi akapoteza jahazi, hana njia ya kurudi leo wala kesho. Hicho ni kisa tayari, hamkutunga kitu.

Wekeni na miezi ya Kiislamu. Ramadhani ya mwaka 1289 iliangukia Novemba 1872, mvua za vuli na karafuu zikiwa mitini. Mwandishi wa Pemba ataona mara moja kilichomo humo: watu wamefunga, wako juu ya mikarafuu tangu alfajiri, na bei imepanda kwa sababu Unguja haina kitu. Jioni karafuu zinamwagwa kwenye mkeka, watu wanakaa kuchambua, konyo huku, karafuu huku, vidole vimekuwa vyeusi na harufu imeingia mpaka kwenye futari. Asubuhi zinaanikwa, na mtoto anawekwa kuangalia mbingu, kwani wingu moja la vuli likimwagika kabla hazijaanuliwa, zinaoza.

Jambo dogo lakini limeshavunja hadithi nyingi: siku inaanza magharibi. Mwandishi mmoja akisema wizi ulitokea usiku wa Ijumaa, ni usiku unaoitangulia Ijumaa. Kubalianeni hivyo tangu mwanzo, la sivyo mwizi wenu atakamatwa kabla hajaiba.

Hatua ya 4: Fungueni daftari la "kilikuwepo, hakikuwepo"

Daftari moja, la watu wote, na kila anayeongeza aandike amekipata wapi. Nyumba ya nyaraka pale Kilimani ina hati za Kiarabu na za Kiingereza za zama zile. Anayekwenda asiende na swali pana la "maisha ya zamani", aende na swali la nusu ukurasa. Nianze mimi na yanayokosewa sana.

Beit al Ajaib haikuwepo, ilijengwa 1883. Kanisa la Mkunazini halikuwepo, jiwe lake la msingi liliwekwa soko lilipokwisha kufungwa. Ngome Kongwe ilikuwepo. Pwani Ndogo ilikuwa bado maji, hivyo msimpitishe mtu kwa miguu mikavu pale ambapo leo kuna maduka. Wanawake msiwavishe kanga yenye jina. Wapeni kaniki au merikani. Fedha ni reale, rupia na pesa, na shilingi isitajwe kabisa, kwani hata rupia ya Zanzibar iliondoka 1936 tu. Karafuu zinauzwa kwa frasila, kipimo cha uzito cha zama zile.

Mashairi na barua ni kwa hati za Kiarabu. Mhusika "asiyejua kusoma" kwa macho ya leo huenda alikuwa anasoma Kurani na kuandika barua ya deni bila taabu.

Hatua ya 5: Watu wa kweli wapite, wasitawale

Barghash anaweza kuonekana akipita, kusikika kwa habari, kutoa amri tunayojua aliitoa. Asiingizwe moyoni, asipewe mpenzi wala ndoto. Kirk na Frere vivyo hivyo. Mkishaanza kuwasemea wakubwa, waandishi wote watahamia kasri na mitaa itabaki tupu.

Maswali ya wanachama

Kutoka Wete: Maalim, shikamoo. Naona tukio liko Unguja, soko liko Unguja, Sultani yuko Unguja. Sisi Wapemba tutaandika nini, tuchume karafuu mpaka mwisho wa kitabu?

Marahaba. Nyinyi ndio wenye nusu ya pili ya kitabu, na kwa maoni yangu ndiyo nusu nzito. Baada ya kimbunga Pemba ilianza kuwa kisiwa cha karafuu na Unguja ikabaki nyuma. Mashamba yanataka mikono, na bahari imepigwa marufuku, basi watu wakaendelea kuletwa kwa magendo, usiku, kwenye vihori vya mikoko, yaani vijighuba vya bahari, ambavyo nyinyi mnavijua na mimi sivijui. Baadaye Waingereza waliweka manowari London bandarini Unguja kuanzia 1874, mashua zake zikawa zinavizia majahazi, na mwaka 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba. Hayo yako nje ya kipindi chetu, lakini yaonesha mambo yalikokuwa yanaelekea. Nani anamficha nani katika kihori? Nani anachukua fedha ili asione? Andikeni hayo.

Kutoka Michenzani: Kwa nini unatukwepesha 1964? Wazee wetu wapo, tunaweza kuwauliza. 1872 hakuna wa kumuuliza.

Sababu ni hiyo hiyo, wazee wapo. Kila nyumba ina 1964 yake, na katika kikundi hiki zimo nyumba zilizoshangilia na nyumba zilizozika watu. Mwandishi mmoja anaweza kuibeba peke yake na kujibu mwenyewe. Wanane wakiandika kwa zamu, sura ya tano itakuwa kesi dhidi ya sura ya nne. Sisemi isiandikwe kamwe. Nasema tujifunze kwanza kuandika pamoja. Wanaotaka karne iliyopita nawapa mbadala: 1948, mgomo mkubwa ulioanzia kwa wafanyakazi wa bandarini ukasambaa mjini, au 1951, Vita vya Ng'ombe, pale watu wa Kiembe Samaki na jirani zake walipogombana na serikali ya kikoloni. Vyote viwili vinapita mtihani wa milango, na bado kuna anayekumbuka kusimuliwa na baba yake.

Kutoka Chake: Mimi nataka Mkama Ndume, yule mtawala wa Pemba wa kale. Pujini ipo, magofu yapo, ukatili wake watoto wanaujua. Kwani lazima karne ya 19?

Si lazima. Lakini kwa karne ya 15 daftari la hatua ya 4 litakuwa karibu tupu, na kila mwandishi atajaza kwa ubuni wake. Itatoka hekaya, tena huenda nzuri sana, ila iandikwe na mtu mmoja. Anza wewe, tutaisoma.

Kutoka Malindi: Tunaweza kumtia Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa? Bila yeye msomaji hataamini ni zama zile.

Hapana. Miaka hiyo alikuwa bara, hakurudi Unguja hadi 1882. Stanley unaweza kumpata, alifika mjini Mei 1872 akitokea kwa Livingstone, mji ukiwa bado umejaa vifusi. Mpitishe kwa mbali barabarani, inatosha.

Kutoka Makunduchi: Wahusika wazungumze Kiswahili gani? Wangu ni wa kwetu, na Kiswahili cha vitabu kitamtia aibu.

Msimulizi ashike Kiswahili sanifu ili sura zisipigane. Wahusika wazungumze kwao: wa Makunduchi Kikae, wa Tumbatu Kitumbatu, Mpemba lafudhi yake. Kiswahili sanifu chenyewe ni kazi ya miaka ya 1930. Ila usimlundikie msomaji. Maneno mawili matatu katika kila mazungumzo yanatosha kumjua mtu katokea wapi. Na sura yako aisome mzee wa huko kabla hatujaipokea, si mimi.

Kutoka Mwera: Mimi nina jambo zito kidogo. Kwetu tunajua bibi mzaa bibi alinunuliwa. Halitajwi. Sasa katika kikundi wapo ambao wazee wao walikuwa wanunuzi. Tutaandikaje bila kuumizana?

Ahsante kwa kulisema. Nimefikiri, na nina kanuni mbili za kupendekeza. Kwanza, hakuna kutumia jina la ukoo wa kweli kwa bwana wala kwa mtumwa. Majina ya mtu binafsi tu, na lakabu. Pili, mtumwa asiwe mtu wa kuhurumiwa tu. Mpeni kazi anayoijua kuliko bwana wake, deni, mzaha, chuki, mpango. Bwana naye asiwe shetani wa kuigiza, maana mtu wa kawaida anayeswali, anayewapenda wanawe na anayenunua watu, huyo ndiye anayetisha. Nani aandike nani? Ningependa sura za bwana ziandikwe na wasio na mzee bwana, na kinyume chake, lakini hilo halilazimishwi. Anayeona limemlemea akabidhi sura yake, hataulizwa sababu.

Kutoka Mkoani: Na sura ya kwanza aanze nani?

Mwenye mhusika aliye mbali kabisa na kasri siku ile ya tarehe 15. Kwa orodha niliyo nayo sasa ni yule mvuvi wa Tumbatu. Mwenyewe ajitokeze, na aanze na upepo, si na maelezo ya nani alikuwa Sultani.