Ala ya bastola ya zamani: ninavyoipima na kuishona Mwanjelwa, Mbeya

Mzee mmoja, mkulima wa kahawa kutoka Mbozi, alifika kibandani kwangu na ala mbili mpya. Zote alizinunua kwa hela yake, na hakuna hata moja iliyofaa. Bastola yake ni ya Chekoslovakia, vz. 52, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1952 na 1954 tu. Muuzaji, akiifananisha na Tokarev, bastola ya Kisovieti, alikuwa amemwambia, "Mzee, hii inakula risasi ya Tokarev, basi chukua ala ya Tokarev."

Risasi ni ileile kweli, milimita 7.62 kwa 25. Mwili ndio tofauti. Tokarev ina urefu wa kama sentimita 19 na nusu, hii inakaribia 21. Ilipoingizwa, ilikwama njiani na nusu ya kifyatulio ikabaki nje. Ile ala ya pili, ya turubai, ya kuingiza bastola yoyote, ilikuwa pana mno, bastola inacheza ndani kama kijiko kwenye sufuria. Kwa hiyo mwenye bastola isiyo ya kawaida, achana na jina lililoandikwa kwenye ala. Tazama umbo la bastola yako.

Kabla sijagusa chochote naomba kuona leseni. Kisha mwenye mali mwenyewe anatoa magazini, kile kibweta cha risasi, anavuta sehemu ya juu nyuma, tunachungulia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, wote wawili, na risasi zinakaa mbali na meza. Bastola hailali kwangu hata saa moja. Aliyepewa kibali ni yeye, si mimi, na fundi anayekwambia "niachie, uje kesho" mkimbie.

Kama bastola ilikuja na ala yake ya kijeshi, usiitupe. Zile za vz. 52 ni za ngozi, zina kifuniko na mfuko wa magazini ya akiba. Ikunje taratibu pale kifuniko kinapopinda. Ngozi ikipasuka kama udongo wa kiangazi, imekwisha. Isipopasuka, kwa mtu wa shambani inatosha kabisa, badilisha uzi tu.

Isipokuwepo, inabidi kushona. Ngozi ndiyo jambo la kwanza, na hapa niliwahi kumkosea mteja. Nilimshonea ala kwa mabaki ya ngozi laini ya makochi, iliyolainishwa kwa dawa ya kromu. Masika hayajaisha, bastola ikaota kutu upande mzima uliolalia ngozi. Ngozi ile hubaki na chumvi, na hapa Mbeya unyevu hauondoki kuanzia Novemba mpaka Aprili. Nilimrudishia hela. Tangu hapo natumia ngozi iliyotengenezwa kwa magome tu, unene wa milimita 3 hadi 4. Miwati ya Njombe, miti ile unayoiona ukipita barabarani, magome yake ndiyo hutoa dawa ya kutengenezea ngozi ya namna hiyo. Ukiikata, ndani ina rangi ya chai kavu. Ile ya kromu mara nyingi ndani ni ya kijivu au samawati.

Kwa kuwa bastola hailali kwangu, nachora umbo lake kwenye karatasi, napima unene wake sehemu nne, halafu seremala jirani anachonga mfano wa bastola kwa mbao ya mninga. Tulijaribu msindano wa msitu wa Sao Hill mara moja, ukavimba majini na vipimo vikapotea. Mninga unatulia.

Ngozi naichovya kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ilegee, naivisha kwenye mfano, kisha naikandamiza kwa kidole gumba na mpini wa kijiko kuzunguka kinga ya kifyatulio. Hapo ndipo ala inaposhikia bastola. Inakauka kivulini usiku kucha. Usiianike karibu na jiko la mkaa, itakakamaa na kupasuka.

Sehemu inayotaka akili kwenye vz. 52 ni kile kiwiko cha usalama, upande wa kushoto nyuma. Chini ni kupiga, katikati ni salama, na kukisukuma juu kunaangusha nyundo. Kwenye bastola zilizochakaa, nyundo ikiangushwa hivyo risasi inaweza kutoka. Kwa hiyo ngozi isikiguse kabisa. Naikata chini ya hapo, na mkanda wa kufungia naupitisha mbali nacho. Kitasa cha magazini nacho kiko chini ya mpini, usiweke kamba inayokivuta.

Nashona kwa msharasi na sindano mbili, uzi wa nailoni uliopakwa nta ya nyuki. Mkanda wa kiunoni uwe wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, upana sentimita 4, maana unabeba karibu kilo moja. Ikae nyongani. Wanaoweka mgongoni na wanapanda pikipiki nawakatalia, ukianguka chali chuma kinakutana na uti wa mgongo.

Majaribio ni bila risasi. Kifyatulio kifunikwe chote, kidole kisipite. Geuza ala juu chini na uitikise juu ya godoro, isidondoke. Chomoa kwa mkono mmoja, ala isifuate. Usifyatue bastola tupu kujifurahisha, pini ya vz. 52 huvunjika.

Mzee wangu tulimjaribia Juni, na Juni ya huku kila mtu ana koti. Alipokuwa anarudisha bastola, kamba ya koti ikaingia nayo ndani ya ala, karibu kabisa na kifyatulio. Nilimshika mkono. Hivyo ndivyo watu wanavyojipiga risasi mapajani. Tulikata zile kamba palepale, na nikamwonyesha kufunua koti kwa mkono wa kushoto, kutazama mdomo wa ala, ndipo arudishe polepole. Alirudia mara 20 hivi mbele yangu kabla hajanilipa.

Nyumbani, bastola isilale ndani ya ala, kwani ngozi hunywa unyevu na kuutunza. Ifute, ipake mafuta kidogo, ifungie kwenye kabati la chuma. Ala itundike penye hewa.