Namna ya Kujibu Maswali Kuhusu Uchawi: Mwongozo kwa Walimu, Wazazi na Wazee wa Malindi

Mtu akikuuliza iwapo uchawi upo, usiharakishe kusema ndiyo wala la. Mwulize kwanza kilichomsibu. Swali hilo, hapa Malindi na katika vijiji vinavyotuzunguka hadi Magarini na Ganze, huulizwa na watu wenye haja zilizo mbalimbali kabisa. Yuko msichana wa shule aliyeona kwenye simu wanawake wa Marekani wakiwasha mishumaa na kujiita wachawi bila kificho, akataka kujua kama hiyo ni dini. Yuko mvuvi ambaye nyavu zake zimerudi tupu mwezi mzima. Yuko mama ambaye mtoto wake ameanguka akatoka povu, na yuko kijana ambaye tayari ana jina la mzee fulani mdomoni na anatafuta tu mtu wa kumthibitishia. Jibu moja haliwatoshi hawa wanne, na jibu la pupa kwa huyo wa mwisho laweza kumtoa mtu roho.

Wengi wanaojitolea kuelimisha hujikwaa mwanzoni kabisa, kwa sababu huanza kwa kuwaambia watu kwamba uchawi ni upuuzi mtupu, na papo hapo masikio hufungwa. Msikilizaji Mwislamu anajua kwamba aya ya 102 ya Sura ya Al-Baqara inataja sihri, yaani uchawi, na Mkristo anajua kwamba Biblia inaitaja na kuikataza. Huna haja ya kubishana nao juu ya hilo, na ukibishana utashindwa. Waambie jambo ambalo vitabu hivyo hivyo vinalisema waziwazi: kuamini kwamba sihri ipo hakumpi mtu ruhusa ya kumnyooshea kidole bibi wa jirani. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, inawaamrisha waumini wajiepushe na dhana nyingi kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi, na Kutoka 20:16 inakataza kumshuhudia jirani uongo. Maalim na mchungaji wanaweza kusimama pamoja juu ya msingi huo hata kama hawakubaliani juu ya majini, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye nguvu kuliko mahali pengine popote katika mazungumzo haya.

Wanaojiita wachawi huko ng'ambo

Msichana yule wa shule anastahili jibu la kweli, si kemeo. Mwambie kwamba alichokiona huenda ni Wicca, dini mpya iliyoenezwa Uingereza na Gerald Gardner, mtumishi wa forodha aliyestaafu baada ya kufanya kazi miaka mingi Malaya. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1735 iliyowaadhibu waliojidai kuwa na nguvu za kichawi ilifutwa mwaka 1951, na mwaka 1954 Gardner akachapisha kitabu kilichoitangaza dini hiyo hadharani. Wafuasi wake huadhimisha majira ya mwaka kwa sikukuu 8, wengi wao humheshimu mungu wa kike pamoja na wa kiume mwenye pembe, na kanuni yao mashuhuri inamruhusu mtu kufanya atakalo mradi hamdhuru yeyote. Ni kwa sababu ya pembe hizo watu hudhani wanamwabudu Shetani, lakini Shetani hana nafasi katika mafundisho yao. Kundi lililojiita Kanisa la Shetani lilianzishwa na Anton LaVey mjini San Francisco mwaka 1966, na halitokani na Wicca. Mzazi ambaye hataki mwanawe aifuate dini hiyo ana haki ya kusema hivyo kwa hoja za dini yake, ila amweleze mtoto jinsi ilivyo, maana mtoto akigundua kwamba ameongopewa katika hili atakutilia shaka katika mengine yote.

Karata za taroti nazo huulizwa sana, hasa katika mji huu ambao Kiitaliano husikika sokoni na ufukweni. Karata hizo zilitokea kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, zikiwa za mchezo tu, na ni katika karne ya 18, huko Ufaransa, ndipo zilipoanza kutumiwa kwa wingi kutabiria. Zaidi ya hapo hakuna siri kubwa ya kueleza.

Kuhusu wachawi waliochomwa moto, sahihisha kwa upole. Katika Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, wanahistoria wanakadiria kwamba watu 40,000 hadi 60,000 waliuawa kwa tuhuma za uchawi, nao walichomwa, walinyongwa au walikatwa vichwa kutegemea nchi. Idadi ya mamilioni inayotajwa mitandaoni si sahihi. Katika mji wa Salem, Marekani, mwaka 1692, hakuna hata mmoja aliyechomwa. 19 walinyongwa na mzee mmoja, Giles Corey, akafa akikandamizwa kwa mawe. Kisa cha Salem kifundishwe kwa makini darasani kwa sababu ya ushahidi uliotumiwa. Mahakama ilikubali maneno ya watu waliodai kwamba kivuli cha mshtakiwa kiliwajia na kuwatesa, hata kama mshtakiwa mwenyewe alikuwa kwake amelala. Ushahidi wa namna hiyo ulipokataliwa, kesi nyingi ziliporomoka. Waulize wanafunzi ni ushahidi gani unaotumika kijijini kwao mtu anapoitwa mchawi, kisha nyamaza uwasikilize: watataja ndoto, ramli, na fulani aliyemwona fulani usiku.

Kuna kosa jingine linalohitaji kusahihishwa, nalo ni kuitia kila mila ya kale katika kapu la uchawi. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008 kwa sababu ni makazi ya kale na mahali patakatifu pa ibada. Mekatilili wa Menza, ambaye sanamu yake imesimama hapa Malindi, aliwaunganisha Wagiriama mwaka 1913 kwa viapo vya kimila vilivyoitwa mukushekushe na fisi, na wakoloni waliogopa viapo hivyo kiasi cha kuilipua Kaya Fungo kwa baruti mwaka 1914. Vilikuwa viapo vya kushikamana dhidi ya kutozwa kodi na kuchukuliwa vijana, na anayewafundisha watoto kwamba babu zao walikuwa wachawi anawapokonya historia yao.

Dalili zinazodhaniwa kuwa ni urogi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, kwa kuwa maradhi ndiyo yanayozaa tuhuma nyingi.

Anayekuja kwako akisema kwamba usiku amekabwa, anaona mtu chumbani na hawezi kujigeuza wala kupiga kelele, amepatwa na jinamizi. Mwili hulegeza misuli wakati wa usingizi wa ndoto ili mtu asitende yale anayoyaota, na mara nyingine akili huamka kabla misuli haijarudiwa na nguvu, huku ndoto ikiendelea macho yakiwa wazi. Hofu yake ni ya kweli, basi usimcheke. Mshauri alale saa zile zile kila siku, asikeshe, na asilale chali, kwani jinamizi humjia zaidi aliyechoka na aliyelala chali.

Mtoto mdogo mwenye homa kali anayekakamaa na kutetemeka ana degedege, na katika pwani yetu malaria ni mojawapo ya sababu zake kubwa. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole kinywani, umpeleke hospitali upesi. Kama familia inataka kusoma dua, na wasome wakiwa njiani; usiwatake wachague kimoja, maana wakilazimishwa kuchagua huenda wakachagua kubaki nyumbani. Kifafa cha mtu mzima nacho hutibika kwa vidonge vinavyomezwa kila siku, na povu lake haliambukizi, hivyo anayemkimbia mwenzake aliyeanguka karibu na moto anamwacha aungue bure.

Lakini lile ninalokuomba ulieleze kuliko yote ni maradhi ya kusahau ya uzeeni. Mfikirie bibi wa miaka 80 anayekutwa alfajiri kwenye kibaraza cha watu, kanga imemdondoka, miguu imejaa vumbi, akigonga mlango na kumwita mtu aliyekufa zamani. Watu husema ni mchawi aliyeanguka katika safari yake ya usiku, na mawe huanza kuokotwa. Ugonjwa huu unakula ubongo polepole. Mgonjwa husahau ya jana akakumbuka ya miaka 40 iliyopita, huchanganyikiwa zaidi jua linapotua, hutoka nje akitafuta nyumba aliyolelewa, na huweza kusahau kwamba hajavaa. Akiulizwa kwa ukali kama yeye ni mchawi, anaweza kuitikia tu, kwa kuwa hajui anaulizwa nini, na kuitikia huko huhesabiwa kuwa ni kukiri.

Wafundishe watu la kufanya dakika hiyo. Mwenye nyumba amfunike kwa kanga, ampe maji, na amsemeshe kama anavyosemeshwa mtu mzima: "Bibi, kaa kitako upumzike. Watu wa kwako ni akina nani?" Asiitwe umati, asipigwe picha ya kusambazwa kwenye simu. Jamaa zake waambiwe wafunge mlango kwa komeo la juu usiku, wamfungie mkononi uzi wenye kibati cha jina na simu ya nyumbani, na wampeleke kliniki, maana kuchanganyikiwa kwa ghafla huweza pia kusababishwa na maambukizo au na upungufu wa maji mwilini, na hayo hutibika.

Mabango ya waganga

Usiwatie waganga wote katika kundi moja. Mzee anayejua mwarobaini na mizizi, na maalim anayeandika kombe (aya zinazooshwa kwa maji ili mgonjwa anywe) kwa zafarani, wana nafasi yao katika jamii, na wengi wao humwambia mgonjwa aende hospitali. Tunayemzungumzia hapa ni yule wa bango lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme, anayeahidi kurudisha mpenzi, kushinda kesi, kuongeza mali na kuingiza watu kwa Freemason, zote kwa simu moja.

Mwonyeshe kijana jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Mganga huanza kwa maneno yanayomfaa kila mtu: "Kuna mtu wa karibu nawe, anakuchekea mchana na kukusema usiku." Ni nani asiye na mtu wa namna hiyo? Mteja mwenyewe hujaza jina, kisha hushangaa kwamba limejulikana. Hufuata ada ndogo ya kupiga ramli, kisha pesa za ubani na udi, kisha mbuzi mweusi asiye na doa ambaye hukubaliwi kumnunua mwenyewe, lazima utume pesa, na mwishowe huambiwa kwamba jini amekasirika na usipoongeza utapata wazimu. Tishio hilo la mwisho ndilo linalowafanya watu waliokwisha kugundua hila waendelee kulipa. Mwambie aliyenaswa akome kulipa siku hiyo hiyo, asifute ujumbe hata mmoja, na aende kituo cha polisi. Sheria ya Uchawi ya Kenya, Sura ya 67, iliyotungwa mwaka 1925, inamwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za kichawi ili kutia watu hofu kwa kifungo kisichozidi miaka 5.

Aliye hatari zaidi kuliko anayekula pesa ni yule anayetaja jina la mtu. Ramli inayotoa jina huwarudisha vijana nyumbani na hukumu iliyokamilika, na mzee hajui hata kwamba ameshtakiwa.

Jina likishatajwa

Sheria hiyo hiyo ya Uchawi inasema kwamba kumtuhumu mtu kuwa ni mchawi, isipokuwa mbele ya chifu, polisi au mamlaka nyingine inayohusika, ni kosa, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 5. Watu wengi hawalijui hili. Lisomwe katika baraza, tena zaidi ya mara moja.

Ukisikia jina limetajwa, jiulize ni nani atakayefaidika mzee huyo akiondoka. Katika Kaunti ya Kilifi wengi wanaouawa ni wazee wenye ardhi, na mara nyingi tuhuma hufuata mzozo wa shamba ambalo vijana wanataka kuliuza. Kwa hiyo waambie vijana hao bila kuzunguka kwamba Sheria ya Urithi, katika kifungu cha 96, inamnyima muuaji sehemu yoyote ya mali ya aliyemuua, awe mwana, mke au ndugu.

Kisha fanya haraka. Mzee asilale peke yake usiku huo. Ahamishiwe kwa jamaa wa mbali, au kama hana, aombewe hifadhi mahali kama Kaya Godoma huko Ganze, ambako wazee waliotishiwa wamekuwa wakipokewa. Andikisha tishio polisi, upewe nambari ya OB (kitabu cha polisi cha kuandikia matukio), na umpe chifu nakala yake, pamoja na jumbe zote zilizotumwa katika kundi la simu la ukoo. Usiwakutanishe mtuhumiwa na watuhumu wake siku hiyo kwa nia ya kuwapatanisha, maana hasira bado ni mbichi, na kikao cha namna hiyo huweza kugeuka kuwa mahakama ya umati. Upatanisho uje baadaye, mbele ya chifu na viongozi wa dini, na aliyetuhumu akane maneno yake kwa sauti mbele ya wale wale waliomsikia akiyasema. Mzee akirejea kwake, watu wawili watatu wapewe jukumu la kumjulia hali kila jioni, na hati ya shamba iwekwe mahali ambapo wanawe wote wanajua ipo na hakuna anayeweza kuichukua peke yake.