Jinsi ya Kuomba Ruzuku ya Washirika wa Maendeleo kwa Kikundi cha Vijana Nchini Uganda

Fedha za ushirikiano wa kimataifa zinazolenga ajira na biashara za vijana nchini Uganda kwa kawaida hazigawiwi na ubalozi, wala mfadhili mwenyewe hapokei maombi ya kila kikundi. Umoja wa Ulaya, Benki ya Dunia, Ubelgiji kupitia Enabel, Japani kupitia JICA na taasisi kama Mastercard Foundation huzipitisha wizarani, wilayani au kwa mashirika tekelezi, na hao ndio wanaotangaza mwito wa maombi, kupokea mafaili na kuchagua washindi. Mwito wenyewe mara nyingi hukaa wazi kwa wiki chache tu, ilhali nyaraka unazozitaka huchukua miezi kupatikana. Kwa hiyo kikundi kinachosubiri tangazo ndipo kianze kujisajili huwa kimechelewa tayari, hata kama wazo lake ni bora kuliko la wengine wote.

Kwanza jueni mnaomba nini, maana watu wengi huchanganya mafunzo, mkopo na ruzuku. Chuo cha ufundi cha Nakawa jijini Kampala, ambacho Japani imekisaidia kwa miongo kadhaa, kinatoa ujuzi, si mtaji. Mradi wa GROW, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 217 mwaka 2022, unawalenga wanawake wenye biashara, wakiwemo wakimbizi na wenyeji wao, na sehemu yake moja ni mikopo ya riba nafuu inayopitia benki. Mpango wa Mastercard Foundation uliozinduliwa nchini mwaka 2020, wenye lengo la kuwafikia vijana milioni 3, unatekelezwa na washirika mbalimbali, na kila mshirika ana masharti yake. Kwa upande wa serikali, mpango wa YLP (Youth Livelihood Programme, wa kuwainua vijana kimaisha) ulioanza mwaka wa fedha 2013/14 uliundwa kukopesha vikundi vya watu 10 hadi 15, na Mpango wa Maendeleo wa Parishi uliozinduliwa mwaka 2022 hupitia SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, ya parishi, ambayo ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa. Fedha za mipango hiyo miwili hurudishwa. Ruzuku hairudishwi, lakini hutolewa hesabu hadi shilingi ya mwisho.

Umri nao usomeni kwa makini katika kila tangazo. YLP ilimtambua kijana kuwa mtu wa miaka 18 hadi 30, lakini Mkataba wa Vijana wa Afrika unahesabu kuanzia miaka 15 hadi 35, na baadhi ya wafadhili hufuata huo wa pili. Mwanachama mwenye miaka 33 anaweza kuliondoa faili lenu katika mwito mmoja na asiwe na tatizo lolote katika mwingine.

Baada ya hapo fanyeni mkutano wa kuanzisha kikundi. Mchague mwenyekiti, katibu na mweka hazina, mpitishe katiba fupi inayoeleza lengo, michango, namna ya kuingia na kutoka, na namna ya kugawana mali iwapo kikundi kitavunjika. Kumbukumbu za mkutano ziandikwe siku hiyo hiyo, na kila aliyehudhuria aweke sahihi pamoja na namba ya simu. Daftari hilo litunzwe vizuri, kwa sababu benki, wilaya na mfadhili wote wataliomba kwa nyakati tofauti.

Sasa inakuja sehemu inayoangusha vikundi vingi, nayo ni majina. Kila mwanachama alete ndaga muntu yake, yaani kitambulisho cha taifa, na katibu anakili jina herufi kwa herufi kama lilivyoandikwa humo, jina la ukoo na jina alilopewa, kabla ya kuandika orodha yoyote. Kijana wa Koboko anaweza kuwa Muhammad kwenye kitambulisho, Mohamed kwenye cheti cha shule na Moha kwenye laini ya simu. Kwake ni mtu mmoja, lakini kwa mhakiki anayelinganisha karatasi mezani hao ni watu watatu. Inauma kuona kikundi chenye bidii kikikosa nafasi kwa ajili ya herufi mbili. Marekebisho ya jina hufanywa NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu, hulipiwa na huchukua muda, kwa hiyo yaanze mapema. Tazameni pia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kadi, kwa kuwa vitambulisho vilivyotolewa kuanzia mwaka 2014 vilipewa muda wa miaka 10.

Wakimbizi wanaoishi Nakivale, Kyangwali au Bidi Bidi wasijiondoe wenyewe kwa kukosa ndaga muntu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi, na kitambulisho kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu ndicho wanachoambatanisha. Palipo na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwa wenyeji, wakimbizi huanzia kwa mwenyekiti wa baraza la ustawi wa wakimbizi. Vikundi vinavyochanganya wakimbizi na wenyeji hupendelewa katika miradi mingi ya maeneo hayo, jambo ambalo ni la haki, kwa sababu soko wanaloliuzia ni moja.

Orodha ikiwa safi, mwenyekiti wa LC1 huandika barua ya utambulisho na kupiga muhuri. Mnaipeleka gombolola, yaani ofisi ya kata (sub-county), kwa Afisa Maendeleo ya Jamii pamoja na katiba, kumbukumbu za mkutano na nakala za vitambulisho, naye akiridhika huwapendekeza wilayani, ambako cheti cha kikundi hutolewa. Mwulizeni cheti kinaisha lini, maana faili lenye cheti kilichopita muda huhesabiwa kama halina cheti kabisa. Kikundi kinachotaka kusajili jina la biashara au kampuni huenda URSB, ofisi ya serikali ya usajili wa biashara, ama kwa mtandao ama katika ofisi zake, kama zile za Kampala, Arua, Gulu, Mbale na Mbarara. Malipo hufanywa benki au kwa simu kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, si kwa kumpa mtu mkononi. Wanaochagua njia ya ushirika huanza na afisa biashara wa wilaya. Namba ya mlipakodi, yaani TIN, hutolewa na URA, mamlaka ya mapato, bila malipo.

Akaunti ya benki ifunguliwe kwa jina lile lile lililo kwenye cheti, ikiwa na watia saini watatu, na angalau mmoja wao awe mwanamke. Wekeni humo michango yenu, hata kama ni midogo. Taarifa ya benki inayoonyesha shilingi elfu kadhaa zikiingia kila mwezi humshawishi mfadhili kuliko akaunti iliyofunguliwa juzi ikiwa tupu.

Andiko la mradi linahitaji moyo na akili zenu wenyewe. Yupo mtu katika kila mji anayeuza maandiko yaliyokwisha kutungwa, yakibadilishwa jina la kikundi tu, na wahakiki huyatambua mara moja kwa sababu wamekwisha kuyasoma kutoka wilaya nyingine. Elezeni mnachokifanya leo, nani anakinunua, kwa bei gani, na ni kikwazo gani hasa ambacho fedha hizo zitakiondoa. Kikundi cha ufugaji nyuki cha Arua kinachoandika kwamba kinauza asali yake bila kuchujwa kwa sababu hakina mashine, na kwamba wanunuzi huipunguzia bei kwa sababu hiyo, kimesema mengi kwa maneno machache. Kinachoandika kwamba vijana ni nguzo ya taifa hakijasema kitu. Tangazo likitaka Kiingereza, mnaweza kuandika kwanza kwa Kiswahili mkaelewana wote, kisha mkamtafuta mtu wa kuwaandikia kwa Kiingereza bila kuongeza ahadi zake.

Kwenye bajeti, kila mstari uwe na kitu, idadi, bei ya kimoja na jumla, na jumla hiyo ikubaliane na maelezo ya andiko. Chukueni mfano wa kikundi cha ushonaji. Vyerehani 4 kwa shilingi 850,000 kila kimoja ni shilingi 3,400,000. Mkiandika 3,500,000 ili hesabu ikae vizuri, mhakiki atajiuliza hiyo 100,000 inaenda wapi, na shaka hiyo itaifuata mistari yote iliyobaki. Leteni profoma, yaani karatasi za bei kabla ya kununua, kutoka maduka matatu tofauti, zenye tarehe za karibuni, na mtaje mliyoichagua na sababu yake. Msisahau usafiri wa vifaa, uzi, sindano, matengenezo na kodi ya chumba, kwa kuwa mashine isiyo na chumba wala uzi haitamwajiri mtu. Mchango wenu pia upewe thamani ya fedha, kama vile ardhi, jengo, kazi ya mikono au akiba. Sherehe za uzinduzi na posho za viongozi ziacheni nje, hata tangazo likinyamaza.

Siku ya kuwasilisha, fuateni tangazo neno kwa neno. Likitaka kurasa 5, leteni 5. Ombi la mtandaoni litumwe siku mbili tatu kabla ya mwisho, kwa sababu umeme na intaneti havina miadi na mtu, na la karatasi ligongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala mtakayobaki nayo. Fomu ya ruzuku haiuzwi; anayedai ada ili faili lipite si wa mradi, na namba ya malalamiko iliyo kwenye tangazo ipo kwa ajili ya mtu kama huyo.

Mkipita mchujo wa kwanza, wahakiki huja kuwatembelea. Wawepo wanachama wote, si mwenyekiti peke yake, na kila mmoja aweze kueleza mradi na kutaja kiasi kilichoombwa, kwani swali hilo mara nyingi huulizwa aliyekaa nyuma kabisa. Mkataba nao usomwe mbele ya wote kabla ya kusaini, hasa vipengele vya awamu za malipo, umiliki wa vifaa baada ya mradi na ruhusa inayohitajika kubadili mstari wa bajeti.

Fedha zikiingia, ununuzi wowote uwe na risiti. Muuzaji wa sokoni asiye na kitabu cha risiti aandikiwe hati ya malipo yenye jina lake, namba yake ya simu, kitu alichouza, bei na sahihi. Taarifa ya robo mwaka iambatane na hati hizo na taarifa ya benki ya kipindi hicho, na nakala kamili zibaki sehemu mbili, moja kwa mweka hazina na nyingine kwa katibu, kwa sababu awamu ya pili ya malipo haitoki kabla ya hesabu za awamu ya kwanza kukubaliwa.