Kujiundia Baiskeli ya Mbio Nyumbani kwa Vipuri, Hatua kwa Hatua

Anayetaka kujiundia baiskeli ya mbio asianze kwa kununua magurudumu wala gia, hata akivipata kwa bei nzuri. Aanze na fremu, kwa sababu fremu ndiyo inayoamua upana wa habu (kitovu cha gurudumu), unene wa nguzo ya kiti, aina ya hesi (mikato ya skrubu) za ekseli ya pedali na urefu wa mikono ya breki itakayofika kwenye rimu. Mimi huunda baiskeli hizi uani kwangu, Ngamiani, Tanga, kwa fremu za chuma za mtumba na vipuri vinavyopatikana kimojakimoja, na kazi ninayoieleza hapa ni ya mtu mwenye meza imara, spana za kawaida, spana za pembe sita, kipimo cha vania cha kupimia milimita, kopo la grisi na siku mbili za utulivu.

Hatua ya kwanza: kuikagua fremu kabla ya kulipa

Geuza fremu juu chini kwenye mwanga wa jua na utazame mahali ambapo bomba la chini linaungana na bomba la kichwa, lile fupi la mbele linaloshika usukani. Rangi iliyovimba au kukunjana hapo huonyesha kuwa baiskeli iliwahi kugonga kitu kwa mbele, na fremu ya namna hiyo iache, hata kama muuzaji anapunguza bei. Kisha chukua uzi, ufunge kwenye sikio moja la nyuma linalopokea ekseli, uuzungushe mbele ya bomba la kichwa, na uurudishe hadi sikio la pili ukiwa umekazwa. Pima umbali kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Ikiwa vipimo hivyo viwili vinapishana kwa zaidi ya milimita 2, fremu imepinda, na gurudumu la nyuma halitafuata njia ya gurudumu la mbele.

Baada ya hapo andika vipimo vitatu kwenye karatasi, uende nayo kila unapokwenda kununua vipuri. Cha kwanza ni nafasi kati ya masikio ya nyuma: fremu za zamani za mbio huwa na milimita 120 au 126, na za baadaye 130. Cha pili ni kipenyo cha ndani cha bomba la kiti, ambacho katika fremu nyingi nzuri hupokea nguzo ya milimita 27.2. Nguzo hizi hupishana kwa milimita 0.2 tu, na iliyo nyembamba kwa kiasi hicho itateremka kidogo kidogo unapopanda kilima, wakati iliyo nene haitaingia bila kuharibu kitu. Cha tatu ni upana wa bomba fupi la katikati, mnamopita ekseli ya pedali.

Hatua ya pili: ekseli ya pedali na hesi zake

Hapa ndipo wengi huharibu fremu, nami nitakaa hapa kwa muda. Bomba la katikati lenye upana wa milimita 68 mara nyingi lina hesi za Kiingereza, na katika mtindo huo kikombe (pete yenye hesi inayoshikilia ekseli ndani ya bomba) cha upande wa kulia, ulipo mnyororo, hufungwa kwa kuzungushwa kinyume cha mishale ya saa, na hufunguliwa kwa kufuata mishale ya saa. Kikombe cha kushoto kina hesi za kawaida. Bomba lenye upana wa milimita 70 kwa kawaida ni la Kiitaliano, na huko vikombe vyote viwili vina hesi za kawaida. Tatizo ni kwamba fremu za zamani za Kifaransa nazo zina upana wa milimita 68, lakini hesi zake ni tofauti na za Kiingereza, na pande zote hufungwa kwa kufuata mishale ya saa. Kwa hiyo upana peke yake hautoshi. Ukibahatika kupata fremu iliyobaki na vikombe vyake, visafishe kwa mafuta ya taa na usome maandishi yaliyochongwa usoni: 1.37 x 24 ni Kiingereza, 36 x 24 ni Kiitaliano.

Fremu yangu ya pili niliiharibu kwa kutojua jambo hili. Niliuziwa kikombe kwa maneno kwamba kinaingia kila fremu, nikakisukuma kwa spana ndefu kilipokataa, na hesi za bomba zikakatika zote. Tangu siku ile ninashika kanuni moja: kikombe kinachofaa huingia kwa vidole mizunguko mitatu au minne ya mwanzo bila kulazimishwa. Kikigoma, kitoe, safisha hesi kwa mswaki, paka grisi, jaribu tena. Kikigoma mara ya pili, si chake.

Grisi nayo si jambo la hiari katika mji wetu. Hewa ya bahari inayovuma kutoka Raskazone ina chumvi, na mahali ambapo aluminiamu hugusana na chuma penye unyevu wa chumvi, metali hizo hushikana kana kwamba zimechomelewa. Paka grisi kwenye hesi za vikombe, kwenye nguzo ya kiti yote itakayozama ndani ya bomba, na kwenye shingo ya usukani. Ninamwaga pia mafuta mepesi ndani ya mabomba ya fremu na kuizungusha ili yaenee, kwa sababu kutu hula kutokea ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Hatua ya tatu: uma na usukani

Panga gololi kwenye vikombe vya juu na vya chini vya bomba la kichwa, zikiwa zimezama katika grisi, ingiza uma, ule unaoshika gurudumu la mbele, kisha kaza nati ya kurekebishia kwa mkono na uifunge kwa nati ya juu. Uma unatakiwa kugeuka kwa uzito wake wenyewe unapoinamisha fremu, bila kukwama na bila kucheza. Shingo ya usukani ina alama ya kina cha chini kabisa, na alama hiyo ni lazima ifichike ndani ya bomba.

Hatua ya nne: kufuma magurudumu

Unaweza kununua magurudumu yaliyokwisha kufumwa, lakini ukifuma yako mwenyewe utaijua baiskeli yako. Kwa habu na rimu zenye matundu 36, spoku hugawanyika katika makundi manne ya spoku tisa. Kundi la kwanza huingia upande mmoja wa habu, tundu moja likiachwa kila baada ya spoku, na kwenye rimu huchukua tundu moja katika kila matundu manne, kuanzia lililo jirani na tundu la valvu. Kundi la pili hufanya hivyo hivyo upande wa pili wa habu. Makundi mawili ya mwisho huvutwa kuelekea upande wa kinyume, kila spoku ikikatiza nyingine tatu: mbili inapita kwa nje yake, na ya tatu inapita kwa ndani. Hakikisha tundu la valvu linabaki kati ya spoku zinazokwenda sambamba, la sivyo pampu haitapata nafasi.

Tia tone la mafuta kwenye hesi za kila spoku, kaza nati zote kwa kiasi kilekile, kisha weka gurudumu kwenye fremu iliyogeuzwa na utumie raba za breki kuwa kipimo. Rimu ikiegemea kulia, legeza kidogo spoku za kulia mahali hapo na kaza za kushoto, robo mzunguko kwa wakati mmoja, usizidishe. Gurudumu la nyuma lenye gia huwa na spoku fupi kidogo upande wa mnyororo, na hizo hukazwa zaidi, ili rimu ikae katikati ya fremu. Zipige kwa kucha: spoku za upande mmoja zikitoa sauti zinazokaribiana, gurudumu limekaa sawa. Kazi hii ilinichukua siku nzima mara ya kwanza, na siijutii saa hata moja ya siku ile.

Hatua ya tano: gia na mnyororo

Chagua meno kwa kuangalia barabara unayoendesha. Barabara ya Horohoro ni tambarare kwa sehemu kubwa, lakini anayetoka Muheza kupanda Amani hukutana na mlima wa kweli. Kwa gurudumu lenye mzingo wa takribani mita 2.1, meno 46 mbele na 18 nyuma hukupeleka karibu mita 5.4 kwa kila mzunguko wa pedali, na ukihamia meno 28 nyuma, hukupeleka karibu mita 3.5, tofauti ambayo magoti yataitambua mara moja.

Kupata urefu wa mnyororo, uzungushe kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye kifaa cha kuhamishia, uvute ukazike, kisha ongeza inchi moja, yaani pingili mbili. Halafu rekebisha parafujo mbili za mipaka zilizo kwenye kifaa cha kuhamishia. Iliyoandikwa L huzuia mnyororo usiangukie kwenye spoku, na hiyo irekebishe kwa mkono ukiwa umesimama, kamwe si barabarani.

Pedali ya kushoto ina hesi za kinyume. Kumbuka kwamba zote mbili hufungwa kwa kuzungushwa kuelekea mbele ya baiskeli.

Hatua ya sita: breki, kiti na safari ya kwanza

Raba za breki ziguse rimu peke yake, zisiguse tairi hata kidogo, na waya uvutwe hadi raba zibaki milimita 2 kutoka kwenye rimu. Kwa kimo cha kiti, pima urefu wa mguu kwa ndani ukiwa pekupeku, uzidishe kwa 0.883: mwenye sentimita 80 ataweka kiti sentimita 70.6 kutoka katikati ya ekseli ya pedali.

Safari ya kwanza isizidi mzunguko wa mtaa. Bana breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongano, kaza nati za uma. Baada ya kilomita 50 kaza tena bolti za mikono ya pedali, hasa ya kushoto, na baada ya kilomita 100 rudi kwenye spoku, kwa kuwa zitakuwa zimejipanga upya kwenye habu na baadhi zitakuwa zimelegea.